Kisanduku cha Kumi na Mbili

Ndugu, jamaa, majirani na wafanyakazi wenzake marehemu, mliofika hapa Mabwerebwere, Kilosa, kwa miguu, kwa baiskeli na kwa treni, familia imemtuma Timotheo, mdogo wa marehemu, awasomee maisha ya kaka yake Gabrieli Mathayo Chilongola, na marehemu mwenyewe aliacha agizo kwamba yasomwe yote, polepole, bila kuruka mstari, hata ule ambao msomaji angetamani kuuruka. Wengi wenu mmekuwa mkikitazama kile kisanduku cha mninga alichokipakata Mzee Nikolaus Kasiani pale mbele, na minong'ono tumeisikia, wengine wakisema ni sadaka, wengine wakisema ni dawa, basi tunawaomba mvumilie, kisanduku hicho kina zamu yake na tutakifikia.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1929 huko Mamboya, milimani, akiwa mtoto wa tatu kati ya watoto saba wa Mzee Mathayo Chilongola na Mama Magreti, wakulima wa mahindi na maharage na waumini wa Kanisa la Anglikana. Mama yetu alipenda kusimulia kwamba watoto wengine waliuliza chakula kitaiva saa ngapi, huyu aliuliza kinaivaje, na alipokuwa na miaka sita alilifungua kufuli la ghala kwa mwiba ili aone kinacholia ndani, akalifunga tena vizuri, likafanya kazi siku mbili, na siku ya tatu likagoma. Alichapwa, kama ilivyokuwa haki yake, na huku anachapwa aliendelea kuuliza kwa nini limegoma siku ya tatu na si ya kwanza, swali ambalo hakuna aliyelijibu siku hiyo, na ambalo, kama mtakavyosikia, alikaa nalo maisha yake yote.

Alianza shule ya misheni kijijini mwaka 1938, akaendelea na shule ya bweni, na akamaliza darasa la sita mwaka 1944, akiwa wa kwanza kwa hesabu na wa mwisho kwa kuimba, hata mwalimu wa kwaya akamweka safu ya nyuma na kumwomba kwa upole awe anafungua mdomo tu. Mwezi Januari 1947 aliteremka Kilosa mjini, akapokewa na fundi saa mmoja mtu wa Tukuyu, Mzee Lupakisyo, aliyekuwa na kibanda chake karibu na stesheni, na kwa miaka sita alikaa na lenzi jichoni akijifunza vitu vidogo kuliko punje ya ulezi. Mzee Lupakisyo alimfundisha pia adabu moja ya kazi, kwamba kitu chochote kabla ya kukiweka mbele ya mwenyewe lazima ukifute kwa leso safi, kwa sababu mteja haoni magurudumu ya ndani, anaona kioo, na adabu hiyo ilimwingia marehemu mpaka kwenye damu, hata nyumbani alikuwa akiifuta sahani iliyokwisha kuoshwa.

Tarehe 2 Machi 1953 aliajiriwa katika shamba la mkonge la Mlimbwe, upande wa Rudewa, akiwa fundi wa simu, kengele na saa za shamba zima. Tarehe 6 Agosti 1955 alifunga ndoa kanisani Mamboya na Bibi Lea, ambaye yupo hapa nasi, na Mungu akawajalia watoto watatu, Magreti mwaka 1957, Mathayo mwaka 1959 na Yeremia mwaka 1963, na wote watatu walijifunza mapema kwamba baba yao akitulia ghafla katikati ya chakula si kwamba amekasirika, ni kwamba amesikia kitu kinagonga vibaya mahali fulani. Siku ya Uhuru, tarehe 9 Desemba 1961, watu wa shamba walikusanyika uwanjani kucheza ngoma, na yeye akapewa kazi ya kuhakikisha king'ora cha korona, yaani kiwanda cha kuchakata mkonge, kinalia saa sita kamili mchana, kikalia, watu wakashangilia, na alipoulizwa anajisikiaje kuwa huru alijibu kwamba anajisikia vizuri sana, ila king'ora kimechelewa sekunde nne na angependa kujua zimekwenda wapi.

Sasa tunakuja kwenye jambo ambalo wengi wenu mnalikumbuka kwa upande mmoja. Baada ya Azimio la Arusha shamba lilipokuwa mali ya umma, wafanyakazi waliombwa watoe mawazo ya kuboresha kazi, na marehemu akatoa lake, kengele ya kuonya mafuriko katika daraja la reli ndogo ya toroli za mkonge, kwa kuwa mto unaopita chini yake hujaa kwa mvua ya milimani wakati huku chini jua linawaka, na mtu aliyesimama darajani haoni hatari mpaka imfikie. Kidude chenyewe kilikuwa kidogo mno, boya la debe juu ya maji, mkono wa waya, na mwisho wa mkono ulimi wa shaba wenye ukubwa wa ukucha wa kidole cha mwisho, uliokaa mbali na ulimi mwenzake kwa unene wa karatasi moja, maji yakipanda ulimi unagusana na mwenzake, umeme wa betri za simu unapita, na kengele inalia kwenye kibanda cha mlinzi wa daraja. Alitengeneza pia mfano wa mbao, mkubwa kama mlango, ili kila mfanyakazi aone jinsi ndimi zinavyokutana, na kabla ya kukifunga kidude chenyewe alikibonyeza pale karakanani mara elfu kumi na mia mbili, kwa siku kumi na saba, akipiga mstari daftarini kwa kila mlio, wala hakikukosa hata mara moja. Kilifungwa tarehe 20 Mei 1967, na watu walimpongeza, na alistahili.

Tarehe 23 Aprili 1968, saa tisa alasiri, Mzee Nikolaus Kasiani, mwenyeji wa Vidunda, aliyekuwa mlinzi wa daraja lile, aliinua bendera ya kijani kama kawaida, kwa maana kengele ilikuwa kimya, toroli nne za mkonge zikaingia darajani, na nguzo ya kati ambayo maji yalikuwa yameshaichimba chini ikaondoka. Mshika breki, marehemu Rafaeli, mume wa Mama Selestina ambaye pia yupo hapa, alichukuliwa na maji, na mwili wake ulipatikana siku ya pili. Mzee Nikolaus alisema kengele haikulia, akasema hivyo kwa msimamizi, akasema hivyo kwa Selestina, na hakuna aliyemwamini, wakasema alikuwa amelala, au amekwenda kuchimba mihogo, wengine wakamtafutia pombe ambayo hajawahi kunywa.

Tarehe 25 Aprili kamati iliyoundwa na shamba ilimwita marehemu akikague kidude, naye akakitoa mahali pake, akakiweka juu ya meza mbele ya wazee wa kamati, akachomoa leso, akakifuta tope, akazifuta na ndimi zenyewe, akabonyeza, kengele ikalia mpaka kuku wakakimbia. Aliandika kwa mkono wake kwamba kengele haina kosa, akatia saini, na karatasi hiyo ikasomwa siku ileile mbele ya wafanyakazi wote, na Mzee Nikolaus akafukuzwa kazi, akabeba godoro lake akaenda zake upande wa Mikumi. Marehemu alirudi nyumbani akala, akalala, kwa kuwa aliamini amesema kweli.

Mwaka mmoja na miezi miwili ilipita hivyo. Siku moja ya mwezi Juni 1969, jioni ya mapema, shemeji yetu Lea alichukua tochi iliyokuwa imekaa rafuni tangu mavuno yaliyotangulia, akaibofya, haikuwaka, akaipiga kofi moja kwenye kiganja, ikawaka, na marehemu aliyekuwa akinawa mikono akamuuliza amefanya nini. Lea akamjibu bila hata kugeuka, "Si ilikuwa imelala, baba Magreti, kitu kikikaa sana kinalala, mpaka ukiamshe." Marehemu akabaki na mikono inachuruzika maji, akamwomba aizime na kuiwasha tena, ikawaka, akamwomba tena, ikawaka, akaomba mara arobaini, ikawaka zote arobaini, na Lea akamwambia kwamba kama anataka kumaliza betri aseme, zitanunuliwa nyingine.

Kuanzia hapo hakutulia. Alilitoa daftari la majaribio na kuona kitu ambacho kilikuwa wazi mbele yake miaka yote, kwamba kidude chake alikijaribu kikiwa macho, kinabonyezwa kila dakika, ndimi zinasuguana na kujisafisha zenyewe, ndani ya karakana kavu, lakini darajani kilikaa miezi kumi na moja bila kuguswa, juu ya unyevu wa mto, kikisubiri siku moja tu. Alijiuliza kama shaba iliyokaa kimya inaota utando, mwembamba usioonekana hata kwa lenzi ya Mzee Lupakisyo, na kama betri dhaifu ya simu ina nguvu ya kuuvuka. Akaubonyeza ule mfano wake wa mbao, akacheka kwa uchungu, akamwambia Lea kwamba huu ulimdanganya, kwa sababu kwenye kitu kikubwa kama mlango utando ni vumbi tu, lakini kwenye kitu cha ukubwa wa ukucha utando ni ukuta. Na swali lililomuuma kuliko yote lilikuwa la ile leso, kwa sababu kama utando ulikuwepo tarehe 25 Aprili, basi ni yeye aliyeufuta.

Jaribio la namna hiyo haliwezi kuharakishwa, kwa kuwa unachopima ni kukaa, hivyo alitengeneza visanduku kumi na viwili vya mninga, kila kimoja na ndimi zake mbili na kijiti cha kubonyezea, akahitaji mtu anayeishi karibu na maji, ambaye ana uwezo wa kukiacha kitu bila kukigusa, jambo ambalo wazazi wote hapa mnajua ni adimu. Mwezi Juni 1970 alipanda treni ya Mikumi akiwa na visanduku vyake ndani ya blanketi, akamkuta Mzee Nikolaus katika kijiji cha ujamaa alichojiunga nacho, analima pamba ya kijiji, akamwamkia shikamoo kama inavyopasa kwa mtu anayekuzidi miaka saba. Mzee Nikolaus alimtazama, akamalizia mstari wake wa kupalilia mpaka mwisho, akarudi, akaketi, ndipo akasema marahaba, na marehemu alituambia kwamba katika vitu vyote alivyowahi kupima kwa saa, marahaba ile ndiyo iliyochelewa kuliko vyote.

Alimweleza kila kitu, hata habari ya leso, na Mzee Nikolaus hakumtukana, alimuuliza tu anataka nini kwake. Walikubaliana kwamba visanduku vitatundikwa kando ya kijito kilicho chini ya kijiji, kuanzia tarehe 1 Julai 1970, kila mwezi kitashushwa kimoja, kitaungwa na betri mpya na kengele, kitabonyezwa mara moja, na jibu litaandikwa kama lilivyo. Visanduku vinne vya kwanza vililia vyote, na marehemu alipopata barua alianza kukata tamaa, akijiona amemsumbua mzee wa watu bure, lakini cha tano kilinyamaza, kikalia kilipobonyezwa mara ya pili, kisha cha sita kikalia vizuri, cha saba kikanyamaza, na hicho cha sita kikamtesa, kwa kuwa kiliharibu mpangilio wote.

Alipofika Mikumi kulisoma daftari kwa macho yake alikuta, kwa mwandiko wa Mzee Nikolaus, maneno haya, "Tarehe 9 Desemba nyani alikishika cha sita akakitikisa, nilimfukuza, sikukigusa mimi, lakini yeye alikigusa." Hapakuwa na shahidi wa jambo hilo zaidi ya nyani mwenyewe, na Mzee Nikolaus angeweza kuandika tu kwamba cha sita kilinyamaza, hesabu ikaenda apendavyo, na marehemu alisema kwamba alipoyasoma maneno hayo alifunga daftari akaona aibu kubwa, kwa sababu mtu anayeandika habari za nyani ambaye hakuna aliyemwona hawezi kuwa mtu wa kudanganya kuhusu kengele. Kuanzia cha nane hadi cha kumi na moja vyote vilinyamaza mara ya kwanza, na vyote vililia vilipobonyezwa tena.

Tarehe 1 Julai 1971 ilipofika zamu ya kisanduku cha kumi na mbili, marehemu akiwapo, Mzee Nikolaus aliweka mkono juu yake akasema, "Hiki tukiache, mdogo wangu. Hiki tutakibonyeza siku utakapoyasema haya mbele za watu, kama walivyosomewa yale ya kwanza." Marehemu alikubali, wakapeana mikono.

Alirudi akaandika taarifa, na kutokana nayo shamba likaweka kanuni kwamba kila kengele ya hatari ibonyezwe kila asubuhi na ndimi zake zisuguliwe kila mwezi, na mashamba mawili ya jirani yakaiga, na hakuna daraja lililopoteza mtu tangu wakati huo. Lakini taarifa iliingia kwenye jalada, haikusomwa mbele ya watu. Siku ya Mei Mosi 1974 marehemu aliitwa mbele ya wafanyakazi wote apewe cheti kwa ajili ya kanuni hiyohiyo, mfukoni akiwa na karatasi ya kumsafisha Mzee Nikolaus, akasimama, akamwona Selestina amekaa safu ya kwanza na watoto wa Rafaeli, akapokea cheti, akasema ahsante, akarudi kukaa. Kaka yetu alikuwa mtu jasiri kwa kila swali isipokuwa hilo moja, na sisi ndugu zake tuliokuwa tunajua tulimwachia, tukasema atasema mwaka ujao, na katika hilo tuna fungu letu la lawama. Kila mwaka tarehe 1 Julai alikwenda Mikumi kukitazama kisanduku, na hata kijiji kilipohamishwa Mzee Nikolaus alikibeba yeye mwenyewe kwa mikono, mzigo wa mwisho kutoka na wa kwanza kutundikwa, na kila mwaka alimpa mgeni wake ugali, hakumuuliza neno.

Mwezi Oktoba 1980 marehemu alianza kuishiwa pumzi, akatibiwa hospitali ya Kilosa, akapelekwa Morogoro mwezi Februari mwaka huu, ikaonekana moyo wake unaruka mapigo. Alimwomba daktari amwazime kile chombo ausikilize mwenyewe, akahesabu mapigo mia tano, akamwambia kwamba umekosa kumi na tisa, kisha akamuuliza madaktari husikiliza mapigo mangapi kabla ya kumwambia mtu kuwa ni mzima, na daktari yule, tunamshukuru, alivuta kiti wakalizungumza jambo hilo karibu saa nzima. Tarehe 2 Juni alituita, akatoa maneno yake, akaagiza yaingie katika historia hii, kwa kuwa alijua kwamba watu waliosikia yale ya mwaka 1968 hawatakusanyika tena pamoja isipokuwa kwa msiba. Tarehe 17 Juni 1981, saa nne asubuhi, alifariki dunia katika hospitali ya Kilosa, Lea akiwa amemshika mkono.

Maneno yake ni haya, na tunaomba mtulie. "Mimi, Gabrieli Mathayo, tarehe 25 Aprili 1968 niliandika kwamba kengele ya daraja haina kosa. Niliandika nisichokijua. Niliifuta kabla ya kuijaribu, na jibu likaondoka na leso yangu. Nikolaus Kasiani alisema kengele haikulia, na ni kweli haikulia. Rafaeli hakufa kwa uzembe wa Nikolaus, alifariki kwa sababu ya kidude nilichokitengeneza na ambacho sikukijua vya kutosha. Nimelijua hili tangu mwaka 1971, nikanyamaza karibu miaka kumi kwa aibu. Shemeji Selestina, nakuomba radhi wewe na watoto. Kaka Nikolaus, nimesema mbele za watu."

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Kilosa na Morogoro, majirani wa hapa Mabwerebwere na wale wa Magomeni mliochota maji na kupika tangu juzi, wafanyakazi wenzake wa Mlimbwe mliochonga jeneza na kulifunga kwa skrubu zote kumi na sita bila kuacha moja, Kanisa, na kila aliyetoa hata kijiti cha kuni. Kwa namna ya pekee tunamshukuru Mama Selestina, ambaye tulimweleza haya asubuhi na mapema, kwa kuwa haikuwa haki ayasikie kwanza hapa, naye aliinuka, akaenda pale alipoketi Mzee Nikolaus, akamwamkia shikamoo, salamu ambayo hajampa tangu mwaka 1968, na Mzee Nikolaus akaitikia marahaba papo hapo.

Kisha Mama Selestina akaomba jambo moja, apewe lile daftari aandike yeye. Hivyo kabla hatujainua jeneza, Mzee Nikolaus atakibonyeza kisanduku cha kumi na mbili, mara moja tu, baada ya miaka kumi na moja kasoro siku chache. Hatujui kama kitalia, wala hatujui mtikisiko wa treni ya jana umekifanya nini, ingawa mzee alikipakata njia nzima juu ya blanketi, na marehemu angetaka hilo nalo liandikwe. Kikilia au kisipolia, jina la Mzee Nikolaus limekwisha kurudi mahali pake, hili lililobaki ni la kutaka kujua tu, na kutaka kujua ndiko alikotuachia.

Waya zimeungwa, betri ni mpya, Selestina ameshika kalamu. Kaka Gabrieli, hakuna aliyekifuta. Pumzika kwa amani, sasa ni zamu yetu kusikiliza.